Umenyanyua gari? Pima pembe za propela kabla hujanunua krosi nyingine

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Wete: "Kaka, Suzuki Samurai nimeinyanyua, imependeza, lakini nikifika sabini inatetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Fundi anasema krosi. Nimeshabadilisha. Nifanyeje?" Krosi ni kile kiungo cha msalaba kwenye ncha za propela, na propela ni lile bomba linalozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kwenye ekseli. Nilicheka kwanza, kisha nikakasirika, na si kwa sababu yake. Maneno hayo hayo niliambiwa mie, kwa uhakika ule ule, na pesa zangu hazijarudi mpaka leo.

Najua wengi mnaosoma hapa ugonjwa wetu ni mmoja. Unataka gari ipande mlima wa udongo mwekundu wakati wa masika, ishuke ufukwe wa Vumawimbi kupitia msitu wa Ngezi bila kukwaruza tumbo, na ikipaki mbele ya barza watu wageuze shingo. Hakuna haya katika hilo. Mie yangu niliinyanyua kwa ajili ya karafuu, ndivyo nilivyomwambia mke wangu, na kwa kweli magunia tumebeba.

Habari za kutafuta springi Dar es Salaam, kusubiri meli na kugombana na mchukuzi nazipita. Tuanzie siku gari ilipotoka gereji: springi mpya ndefu zaidi, shakeli (vile vipande vinavyoshika ncha ya springi) ndefu za kuchomelewa hapa hapa Chake Chake, shokapu ndefu, paipu za mpira za breki ndefu ili zisikatike ekseli ikining'inia. Gari imesimama vizuri. Hadi kilomita hamsini kwa saa ni raha tupu. Ikivuka hapo, mtetemo unaanza chini ya kiti, unapanda, na kule nyuma kuna mlio wa kukoroma.

Fundi wangu, mtu mzima, namheshimu, akasema matairi. Tukafanya balansi. Akasema krosi. Tukafunga krosi mpya, zikaanza kugonga kabla ya msimu kwisha. Akasema hizo ni feki, nikanunua za bei mbaya. Nilipomuuliza kuhusu pembe ya propela akacheka mbele ya vijana wake: "Huyu kasoma kwenye simu." Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko pesa. Basi nikalala chini ya gari mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Krosi moja ikifanya kazi kwa pembe, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo sawa hata kama upande wa kwanza uko sawa. Katika kila mzunguko unaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili, na pembe ikikua, tofauti hiyo inakua. Propela ya kawaida ina krosi mbili ili ya pili ifute kosa la ya kwanza. Itafuta pale tu pembe mbili zinapolingana, yaani shafti inayotoka kwenye transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) na pua ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli) ziwe sambamba. Gari ikinyanyuka sawasawa, pembe zote mbili zinakua pamoja. Lakini shakeli ndefu za nyuma zinashusha mwisho wa springi, ekseli inazunguka, na pua ya difu inatazama juu.

Kupima si uchawi. Gari isimame kwa matairi yake, yenye mzigo wa kawaida, isiwe kwenye jeki, kwa sababu ekseli iliyoning'inia inakupa pembe za uongo. Kinga matairi kwa mawe kabla hujafungua propela. Ukishaitoa, gia peke yake haitaishika gari. Weka simu yenye programu ya kupimia pembe juu ya bomba la propela, soma. Fungua bolti, shusha propela, egesha simu kwenye uso wa flanji (sahani inayofungiwa propela) ya difu, kisha ya transfa. Sakafu ikiwa na mteremko kidogo haidhuru, maana unachotafuta ni tofauti baina ya namba, mradi gari usiisogeze. Pima maji ya fundi mwashi yenye digrii inafaa vile vile, mie niliazima.

Yangu ilisoma hivi: transfa inateremka kuelekea nyuma digrii 2, propela digrii 11, difu digrii 6. Kwa hiyo krosi ya mbele ilikuwa inafanya kazi kwa digrii 9 na ya nyuma kwa digrii 5. Tofauti ya digrii 4, na kinachovumilika ni kama 1. Nilibaki nimelala pale chini nacheka peke yangu.

Dawa ni kabari ya chuma ya digrii 4 baina ya springi na ekseli. Kwenye Samurai ambayo springi bado ziko chini ya ekseli kama ilivyotoka kiwandani, kabari inakaa juu ya springi, upande mnene ukielekea nyuma, na pua ya difu inashuka. Sema chuma, usikubali aluminiamu, inapondeka na kupasuka. Senta bolti, ile inayopita katikati ya springi, lazima iwe ndefu zaidi, kichwa chake kiingie kwenye tundu lake, na yu-bolti zikazwe tena baada ya siku chache za kutembea.

Nikaifunga. Fundi alipoona alisema nimeharibu zaidi, kwa kuwa krosi ya nyuma sasa iko kwenye digrii 9 badala ya 5. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nikampa ufunguo, akaiendesha kuelekea Konde, akarudi kimya. Mtetemo umekwisha. Digrii 9 kwa 9 bado ni nyingi, krosi zinachakaa haraka kuliko za gari isiyonyanyuliwa, na ndiyo maana baadaye nilikata shakeli zikawa fupi, pua ya difu ikashuka tena, nikabadilisha kabari kwa nyembamba. Urefu wa gari umepungua kidogo. Anayecheka acheke.

Vijana wetu tuna tabia ya kununua kabla ya kupima. Spea ina boksi, ina stika, unaweza kuipiga picha. Pembe huwezi kuipiga picha ukawaonyesha wenzio barzani. Lakini hata uwe na krosi ya dhahabu, pembe zikipishana itakufa tu. Pima! Nasema tena, pima, kisha ndiyo utoe pochi.

Sasa wewe wa Wete. Kabla ya yote, ulipobadilisha krosi, propela iligawanywa pale vipande vyake viwili vinapoingiana na kuteleza? Kama fundi hakupiga alama ya rangi kabla ya kuichomoa, huenda meno yamerudishwa yakiwa yamepishana na nira za ncha mbili hazitazamani. Hapo hata pembe ziwe sawa gari itatetemeka. Tazama pia sehemu hiyo isiwe imechomoka sana kwa sababu ya urefu mpya. Ukitaka uhakika kwamba tatizo ni propela ya nyuma, ivue, funga habu za mbele (vile vifungo vya katikati ya magurudumu), weka fo-wili, endesha. Mtetemo ukitoweka, umempata mwizi. Vumawimbi ukienda, rudi uoshe chini kwa maji yasiyo na chumvi na upige grisi siku hiyo hiyo.

Ekseli ya mbele usiiguse kwanza. Huko kabari inageuza pia mwegamo wa stelingi: ukiinua pua ya difu ili propela ipumzike, stelingi inakuwa nyepesi na gari inayumba barabarani; ukirekebisha stelingi, propela ya mbele inapata pembe mbaya. Gari ya fo-wili ya kuchagua kama yako inatumia propela ya mbele kwenye tope tu, kwa mwendo wa polepole, kwa hiyo mie nachagua stelingi. Nitumie namba tatu, transfa, propela na difu, nami nitakwambia kabari ya digrii ngapi.