Geuza Kopo Kwanza, Sifa Utasoma Baadaye

Ndugu na marafiki wameshanizoea. Krimu mpya ikiingia kwao, naletewa niitolee hukumu. Na kabla sijaambiwa inasifiwa kwa lipi, nakuwa nimeshaigeuza. Mbele ya kopo ni uwanja wa mwenye mali kujisifu. Nyuma, kwenye yale maandishi madogo ya kuumiza macho, ndipo sheria ilipomlazimisha kutaja alichotia ndani. Mara nyingi pande hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Jambo la kujua kabla ya yote ni kwamba orodha ya viambato hupangwa kwa uzito. Kilicho kingi kinatangulia, kilicho kidogo kinafuata. Krimu na seramu nyingi huanza na Aqua, yaani maji, na hilo halina ubaya. Lakini kanuni hii ina kijinjia cha pembeni: katika Umoja wa Ulaya, Marekani na nchi nyingine nyingi, viambato visivyofika asilimia 1 vinaruhusiwa kupangwa vyovyote mtengenezaji apendavyo, mradi viwe nyuma ya vile vilivyozidi kiwango hicho. Kwa hiyo kitu kilichotiwa kama chumvi ya kuonjea kinaweza kusogezwa mbele ya vidogo wenzake kikaonekana kina uzito.

Mstari huo wa asilimia 1 hauchorwi kwenye lebo. Mimi nautafuta kwa kutazama Phenoxyethanol, kihifadhi kinachotumika sana. Ulaya imekiwekea kikomo cha asilimia 1, na bidhaa nyingi zinazouzwa duniani zinafuata kiwango hicho. Kama kiambato kimeandikwa baada yake, basi nacho hakizidi asilimia 1. Parfum, yaani manukato, nayo kwenye krimu ya uso huwa maeneo hayohayo ya chini.

Chukua seramu moja niliyoletewa majuzi. Mbele ina chungwa lililokatwa katikati, chini yake “Vitamini C” kwa herufi kubwa za dhahabu, na ahadi ya kuondoa madoa. Nyuma: Aqua, Glycerin, Propanediol, Xanthan Gum, Phenoxyethanol, Parfum, Citrus Aurantium Dulcis Fruit Extract, Sodium Ascorbyl Phosphate, Limonene, CI 15985. Basi, imeisha. Maji, gliserini, kiyeyushi, kitu cha kuifanya iwe nzito kidogo, kihifadhi. Chungwa la kwenye picha limekuja nyuma ya manukato. Vitamini C yenyewe, hiyo Sodium Ascorbyl Phosphate ambayo ni aina tulivu zaidi ya vitamini hiyo, iko nyuma ya chungwa. Na ile rangi nzuri ya machungwa inayoonekana kwenye kichupa? CI 15985 ni rangi ya kutengenezwa kiwandani. Limonene ni sehemu ya harufu, na imetajwa kwa jina kwa sababu baadhi ya watu inawaletea mzio.

Mwenye seramu aliniambia lakini ngozi yake imelainika kweli. Sikubisha. Gliserini ni miongoni mwa viambato bora vya kuvuta na kushika unyevu, na hapa ni ya pili kwenye orodha. Ila alichonunua ni gliserini, na madoa aliyokuwa anayapiga vita yapo palepale. Vitamini C safi, inayoandikwa Ascorbic Acid, huhitaji kuwa karibu asilimia 10 hadi 20, ndani ya mchanganyiko wenye asidi ya kutosha, ndipo ipenye vizuri kwenye ngozi. Kwa kiwango hicho lazima utaikuta kwenye majina matatu au manne ya mwanzo. Tena huharibika ikipigwa na mwanga na hewa, hubadilika rangi ikawa ya kahawia, kwa hiyo ikiwa kwenye chupa nyeupe inayopitisha mwanga, mimi hata orodha siendelei nayo.

Hapa ndipo watu waliojifunza kusoma lebo juzi wanapokosea. Wakishaujua ule mstari wa asilimia 1, wanatupa kila kilicho chini yake. Si sawa. Retinol, aina ya vitamini A, hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana, na Ulaya mwaka 2024 ilipitisha kikomo cha asilimia 0.3 kwa krimu za uso, kwa hiyo lazima iwe mkiani. Sodium Hyaluronate, ya kushika unyevu, nayo kwa kawaida haifiki asilimia 1, kwa sababu ukiizidisha kimiminika kinakuwa ute. Niacinamide, yaani vitamini B3, ni habari nyingine: majaribio yaliyoonyesha matokeo yalitumia asilimia 2 hadi 5, kwa hiyo nikiikuta nyuma ya Phenoxyethanol huku mbele imeandikwa kwa mbwembwe, narudisha kopo mahali pake. Salicylic Acid ya chunusi hutumika kati ya asilimia 0.5 na 2. Swali basi ni mambo mawili kwa pamoja: kiambato kiko wapi, na kinahitaji kuwa kiasi gani ili kifanye kinachosemwa.

Vingine hata vikijaa kopo zima haviwezi kufanya kinachotangazwa. Kolajeni ni mfano mzuri. Molekuli zinazopenya ngozi isiyo na jeraha kwa wepesi ni zile ndogo, za chini ya daltoni 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), ilhali kolajeni ya asili ina kama 300,000. Ikipakwa inabaki juu, inashika unyevu, na uso unaonekana umejaa kidogo mpaka utakapounawisha. Kujenga kolajeni ya ndani, hapana.

Sasa yale maneno ya mbele. “Imejaribiwa na madaktari wa ngozi” hayakuambii walijaribu nini wala walipata nini. “Haisababishi mzio” yana historia yake: mwaka 1975 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitunga kanuni ya kuwataka watengenezaji wathibitishe dai hilo kwa majaribio, kampuni zikaenda mahakamani, na mwaka 1977 kanuni ikafutwa. Mpaka leo huko hakuna kipimo cha kisheria cha maneno hayo. “Hupunguza mwonekano wa makunyanzi” yameandikwa na mtu anayejua sheria: anayesema anapunguza makunyanzi yenyewe anaweza kuambiwa anauza dawa. Na wakubwa nao hukamatwa. Mwaka 2014 tume ya biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na tawi la L'Oréal nchini humo kuhusu matangazo ya kwamba krimu zake zinaamsha jeni na kurudisha ujana, madai ambayo tume ilisema hayakuwa na ushahidi.

“Asilimia 90 ya wanawake walikubali” ifuate na kinyota chake mpaka chini ya boksi. Walikuwa wangapi? Ngozi zao zilipimwa kwa chombo, au waliulizwa tu wanajisikiaje?

Madai ya “bila” ndiyo yanayonikera zaidi. “Bila parabeni”, yaani bila kundi fulani la vihifadhi, inauza woga. Chama cha madaktari wa mzio wa ngozi Marekani kiliziteua parabeni mwaka 2019 kuwa “kisicho mzio” cha mwaka, kwa jinsi zinavyosumbua watu wachache. Kampuni zilipozikimbia, baadhi ziliingia kwa kihifadhi kingine, Methylisothiazolinone, na wimbi la mzio lililofuata lilikuwa kubwa mpaka Ulaya ikaipiga marufuku kwenye bidhaa za kupaka na kuacha bila kuosha. “Bila alkoholi” nayo, kisha ndani kuna Cetearyl Alcohol: usishtuke, hiyo ni aina ya mafuta mazito na haikaushi ngozi. Ya kuangalia kama una ngozi kavu ni Alcohol Denat ikiwa juu kwenye orodha.

Kuna mahali pamoja ambapo namba ya mbele naiheshimu, nayo ni kwenye krimu za kukinga jua. SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya UVB, miale ya jua inayounguza ngozi: SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale hiyo, SPF 50 takriban 98, na vipimo hivyo hufanywa kwa utaratibu unaojulikana. Tatizo ni kwamba hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, na wengi wetu tunapaka nusu yake au pungufu. Kwa hiyo usibishane kuhusu 30 na 50; ongeza mkono.

Na kuna mahali ambapo orodha haitakusaidia: krimu za kung'arisha ngozi zisizo na lebo kamili. Zebaki mara nyingi haiandikwi. Ikiandikwa hujificha kwa majina kama Calomel au Mercurous Chloride. Dalili ninayoiangalia iko kwenye maelekezo: ukiambiwa krimu isigusane na dhahabu, fedha, aluminiamu au mpira, hiyo ni tahadhari ya kitu chenye zebaki, na Shirika la Afya Duniani linaitaja waziwazi. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na sumu yake humfikia pia mtoto unayelala naye. Hiyo si ya kujadili ina viambato gani vingine vizuri. Acha kuitumia, lakini usiimwage kwenye sinki. Ifunge vizuri na uwaulize wahusika wa afya pa kuipeleka.

Krimu ikishapita vichujio hivyo vyote, bado naijaribu ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba hadi kumi, kabla haijagusa uso. Ikiwasha au ikatoa vipele, naosha na kuacha hapohapo, hata kama orodha yake ilinipendeza.