Dodoma hadi Geita, tukibishana

Swali lenu la wiki hii: ukipewa wiki moja na mwenza wako, bila kwenda pwani wala mbugani, mtaelekea wapi, na mtabishana nini njiani? Sisi jibu tunalo, kwa sababu safari hiyo tumeshaifanya. Mimi na Baba Neema tulitoka Dodoma na kigari chetu, tukapandisha kaskazini kupitia Singida, Nzega na Shinyanga hadi Mwanza, tukavuka ziwa na kuingia Geita kuona dhahabu inavyochimbwa. Tulichobishana ni hela, na bado tunabishana.

Wengi hupita barabara hii wamelala kwenye basi. Ukiwa na gari lako unasimama unapotaka: Singida kwa ajili ya mafuta ya alizeti yanayouzwa kwenye madumu pembeni ya lami, halafu Mlima Sekenke, ambao mimi niliujua kwa habari za malori kufeli breki tu. Baba Neema anafundisha historia. Tulipoanza kuteremka kuelekea Shelui akapunguza mwendo na somo likaanza.

Pale Sekenke Wajerumani walikuwa na mgodi wa dhahabu tangu 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Waingereza zikaziba pwani na sarafu zikaadimika koloni zima. Wakachukua dhahabu ya Sekenke, wakaipeleka Tabora, na mwaka 1916, ndani ya karakana ya reli, wakagonga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo na Mlima Kilimanjaro nyuma yake. Zilitoka kama 16,000 hivi. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, na hadithi ikaishia hapo. Leo wakusanyaji wa sarafu wanazigombania kwenye minada huko Ulaya. Nikamuuliza, "Na waliozichimba walilipwa rupia ngapi?" Akasema swali zuri, akaongeza mwendo.

Baada ya Sekenke unaingia Wembere, tambarare isiyo na mwisho, halafu Igunga, Nzega, Tinde. Shinyanga tulilala. Mwanza mnaijua.

Daraja la Kigongo–Busisi, linalokuvusha Ziwa Victoria kuelekea Geita, lilizinduliwa Juni 2025, urefu wake kama kilomita 3, na kwa gari unalimaliza kabla hujapata neno la kusema. Zamani ilikuwa foleni ya feri, na foleni ile ilikuwa nusu ya safari: karanga, samaki wa kukaanga, watu wa kupiga nao soga. Baba Neema aliisikitikia feri. Mimi sikuisikitikia hata kidogo.

Geita ina migodi ya aina mbili na lazima uchague. Mgodi mkubwa, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, utauona kwa mbali: vilima vya kifusi vilivyotengenezwa na mashine, uzio, na magari yenye matairi kumzidi mtu urefu. Huo hauingii kwa kupita tu. Wa pili ni wa wachimbaji wadogo, na huo ndio wa kutembelea kama una mwenyeji. Sisi tulipelekwa na binamu yake Baba Neema, tukaripoti kwa msimamizi wa eneo na kuandika majina. Nenda kiangazi, maana masika maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, hujaa maji na kuta hulegea. Vaa buti. Simu ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe kupiga picha, la sivyo watadhani wewe ni wa kodi.

Duara hufuata mwamba, yaani mawe yenye dhahabu. Tuliloliona lilikuwa na kina cha zaidi ya mita 40, upana wake wa kumtosha mtu mmoja na kiroba chake, kuta zimeshikiliwa na magogo wanayoyaita matimba. Hewa inasukumwa chini kwa bomba la plastiki. Hatukushuka, wala sishauri mtu ashuke. Tulikaa juu na wavuta kamba, na hapo ndipo kazi yangu ya uhasibu ilipoamka.

Chini kule hakuna mshahara. Wachimbaji wanalishwa na mwenye duara, ambaye pia ananunua matimba, mafuta na kamba, miezi na miezi, mpaka mwamba upatikane. Ukipatikana, wanagawana viroba vya mawe, siyo pesa. Mgao tulioelezwa pale ni huu: katika kila viroba 10, mwenye leseni ya eneo anachukua 3, mwenye duara 4, na 3 vilivyobaki ni vya wachimbaji wote kwa pamoja. Mwamba ukikata, kila mtu anaondoka na vumbi lake. Baba Neema alisikia viroba 4. Mimi nilisikia miezi na miezi.

Kila mwenye kiroba anakwenda kwenye karasha, mtambo wa kusagia mawe kwa vyuma. Kelele zake zinakufanya uongee kwa mikono. Unga ukitoka unamwagwa na maji kwenye mwalo, ubao wa mteremko uliotandikwa matambara, dhahabu inanasa kwa uzito wake. Matambara yanakamuliwa kwenye karai, na kijana mmoja akaanza kulizungusha karai lile taratibu, anamwaga tope kidogokidogo, hadi pembeni ukabaki mstari mwembamba wa njano. Akatia zebaki ili ishikane na dhahabu, akaikanda kwa vidole vitupu, akaikamulia kwenye kitambaa. Kikabaki kidonge cheupe kama punje ya karanga. Akakiweka kwenye kipande cha bati juu ya mkaa. Binamu akatuvuta tukasimama upande unakotoka upepo. Mvuke wa zebaki hauna harufu, na ndio unaoharibu mishipa ya fahamu. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kuipunguza, na vipo vifaa vya kuchomea vilivyofungwa vinavyoirudisha zebaki kwenye chombo badala ya kuiachia hewani. Pale tulipokuwa hakikuwepo hata kimoja. Kidonge kikabadilika rangi mbele ya macho yetu, kutoka weupe hadi njano iliyofifia. Baba Neema alipiga makofi. Mimi nilikuwa nawatazama watoto wawili waliokaa kwenye gunia, upande ule mwingine wa moto.

Mwenye karasha alikuwa mama wa makamo, kanga mbili na kofia ya jua. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamuuliza anatoza shilingi ngapi kusaga kiroba. Akacheka.

"Kidogo tu, mwanangu. Mchanga si unabaki hapa?"

Nikahitaji dakika kuelewa. Zebaki haikamati dhahabu yote, ile laini zaidi inabaki kwenye mchanga uliooshwa, ambao wao wanauita marudio. Na marudio ni ya mwenye karasha. Nyuma ya banda lake kulikuwa na kilima chake. Kikitosha, anaupeleka kwenye matangi, unalowekwa kwa kemikali ya sayanaidi, na dhahabu iliyokimbia zebaki inatoka. Kila duara linalopata na kila duara linalokosa karibu na pale linapitia mlangoni kwake. Yeye hajawahi kumlisha mchimbaji hata sahani moja ya ugali.

Mwisho tukaenda soko la dhahabu mjini Geita, lililofunguliwa Machi 2019. Mwaka huohuo serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ukabaki wakati huo mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mantiki yake ni nyepesi: mtu akiona makato yanabebeka, haoni sababu ya kumuuzia broka gizani. Ndani ni tulivu kama benki. Mzigo unapimwa usafi na uzito, muuzaji anaisoma mizani mwenyewe, bei inafuata soko la dunia. Tulimwona mzee mmoja akihesabu noti zake mara tatu, akazifunga kwenye kitambaa, akaagana na kila mtu kwa mkono.

Sasa, ubishi. Usiku ule, juu ya sato wa kuchoma, Baba Neema akatangaza kwamba anataka kudhamini duara. Atatuma hela ya chakula na matimba kila mwezi, binamu atasimamia. Nikachukua leso ya karatasi, nikamwandikia: miezi, watu, unga, dizeli, na mwisho alama ya kuuliza. Akasema sina imani. Nikamwambia imani ninayo, ila iko nyuma ya banda la yule mama.

Tumerudi Dodoma. Binamu anapiga simu kila Jumapili kusema mwamba umekaribia. Baba Neema anatoka nje kuipokea. Mimi nimeshaulizia bei ya karasha.