Maswali na majibu: Laptopu, upepo na maji ya Paje

Mwaka wa nne sasa nafanya kazi ya kutafsiri nikiwa Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja ambako vijana wa dunia nzima hufuata upepo wa kaiti, lile tiara kubwa linalomvuta mtu akiwa juu ya ubao. Nilipoligusia jambo hilo humu, maswali yakamiminika. Nimechukua yale ninayoweza kuyajibu bila kukisia.

Nachora nembo na mabango, niko Arusha. Kwa mwezi sikosi milioni moja na nusu. Nikihamia Paje itanitosha? (Kijana wa Arusha)

Itatosha ukilala upande wa kijiji, ukilala upande wa bahari utarudi Arusha kwa nauli ya kuchangiwa. Paje ina bei mbili. Ufukweni chumba hutajwa kwa dola na kwa usiku. Ukirudi nyuma mita mia kadhaa, kwenye nyumba za matofali ambako kuku wanapita sebuleni, chumba hutajwa kwa shilingi na kwa mwezi, ila mwenye nyumba anaweza kutaka kodi ya miezi sita mkononi. Usiilipe ukiwa bado Arusha kwa kuoneshwa picha. Njoo mwezi wa nne au wa tano, masika ikiwa imekolea na hoteli kadhaa zimefunga, ulale siku chache pa bei nafuu, utembee kwa miguu na kuuliza. Ukioneshwa nyumba, fungua bomba uonje maji. Yakiwa na chumvi, hesabu na fedha ya kununua ya kunywa.

Kula wanakokula mafundi ujenzi. Na ukishapata chumba, kabla hata ya kununua godoro, mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, ukajitambulishe. Mgeni anayejulikana kwa sheha ana wa kumtetea siku pikipiki yake ikipotea.

Naishi Muscat, bibi yangu mzaa mama ni wa Unguja. Kampuni yangu imeniruhusu kufanyia kazi popote, mradi niwe mtandaoni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni za Oman. Nitapata muda wa kujifunza kaiti au nitaishia kuiangalia dirishani? (Mjukuu wa Muscat)

Mjukuu, wewe una bahati kutushinda sote hapa. Oman iko mbele yetu kwa saa moja tu. Saa 2 yenu ni saa 1 asubuhi kwetu, na saa 11 ya kutoka kazini ni saa 10 jioni ya Paje. Sasa pima na bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya huku hupwa mpaka chini kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Unaweza kutembea mbali sana kuelekea mwambani bila kulowesha magoti. Halafu yanageuka, na kufika saa 10 jioni au baadaye kidogo yamejaa. Kati ya kupwa na kujaa siku hizo tofauti yake hukaribia mita 4. Yaani unafunga laptopu, bahari iko mlangoni.

Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika kama 50. Wiki moja baadaye unaingia maji mafu, hapo yanajaa asubuhi na kupwa alasiri, lakini ni kupwa kwa uvivu, ubao bado unaelea. Kwa anayejifunza ni afadhali, maana mwanafunzi anataka maji ya kiunoni, si ya shingoni. Kwa hiyo usijiandikishe masomo ya "kila Jumatatu saa 11". Kaa na ratiba ya maji, na mwalimu mzuri atakupangia siku kwa siku.

Mimi wateja wangu wako New York. Saa 3 asubuhi yao ni saa 10 jioni yetu wakati wao wako kwenye joto, na saa 11 wakiwa kwenye baridi. Ndiyo kusema kila bamvua naiangalia bahari iliyojaa huku mtu ananieleza jedwali. Nilimwandikia mmoja kwamba wiki hiyo nitachelewa kwa sababu ya maji, akanijibu kwa huruma akiuliza kama fundi bomba ameshapatikana.

Jingine dogo linalogharimu watu kazi: mkiandikiana muda, andika 16:00, usiandike "saa 10". Akili yetu inasoma jua, kalenda ya kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, Kizungu. Nimeshakosa kikao kwa hilo, na mimi ndiye niliyejiita mtafsiri.

Upepo nao una miezi yake. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi Juni hadi Septemba. Katikati ni maleleji, upepo mdogo usioeleweka, na mvua, usije Aprili kwa ajili ya kaiti halafu unilaumu. Pwani yetu inatazama mashariki, na pepo zote mbili zinakuja kwa ubavu zikitokea baharini, kwa hiyo mtu akishindwa hurudishwa ufukweni badala ya kupelekwa bahari kuu. Hiyo ndiyo siri ya umaarufu wa Paje, zaidi ya mchanga mweupe.

Na zile asubuhi za bamvua ambazo wewe utakuwa kazini, wako wengine kazini pia. Wanawake wa Paje na Jambiani wanalima mwani humo tangu 1989, kwa pegi na kamba zilizopangwa safu safu chini ya maji. Kwa mbali utadhani ni takataka za nyavu. Usizikanyage, usishushe kaiti juu yake, na kabla ya kumpiga mtu picha akiwa ameinama, mwamkie kwanza uombe. Wewe mwenye bibi wa Unguja huna kisingizio cha lugha.

Naandika programu, bila intaneti sina mkate. Paje mtandao na umeme vikoje? (Mkazi wa Dodoma)

Mtandao wa simu unatosha kwa kazi nyingi, lakini usimwamini mmoja. Weka laini mbili za kampuni tofauti, na bando kwenye zote mbili. Waifai ya mkahawa ihesabu kama sukari ya bure: ikiwepo, vizuri. Siku moja nilienda na mkutano wangu kwenye mkahawa ulioniapia kwamba una jenereta. Umeme ukakatika, jenereta likanguruma dakika tatu likanyamaza. Lipo kweli, ila petroli haikuwepo.

Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa kebo iliyopita chini ya bahari. Wazee watakusimulia jinsi umeme ulivyokatika 2008 kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tena Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Mwaka 2013 ikaja kebo mpya kubwa zaidi, na siku hizi kukatika ni kwa saa, si kwa miezi. Hata hivyo nunua betri yenye inveta ya kubeba laptopu na ruta. Na mita ya umeme wa kulipia kabla huku inaitwa Tukuza, usije dukani ukaulizia LUKU ya Bara wakacheka.

Adui mkubwa kuliko giza ni chumvi. Hewa ya bahari inakula feni na matundu ya chaji. Usifanyie kazi ufukweni hata kama picha ingependeza. Ifunike mashine usiku, na uweke nakala ya kazi zako mahali pasipopata kutu.

Niko Nairobi, nafanya kazi za data kwa kampuni ya Ujerumani. Je, naweza kuingia Zanzibar kama mtalii na kuendelea na kazi kimyakimya? (Mkenya wa mtandaoni)

Hilo neno "kimyakimya" ndilo linalonitia wasiwasi. Mkenya halipii viza Tanzania, kweli. Lakini muhuri wa mgeni ni wa kutembea, na wiki mbili za likizo unazojibia barua pepe si sawa na kuhamia miezi minane. Ukipanga kukaa, ulizia kibali Uhamiaji kabla ya kupanda ndege, kwa maandishi, ukieleza kwamba mwajiri wako na mshahara wako viko nje. Jibu la rafiki aliyekaa Nungwi miaka kadhaa bila kuguswa si sheria.

Upande wa kodi, ukifikisha siku 183 Tanzania ndani ya mwaka wa mapato unahesabiwa mkazi, na mkazi ana mazungumzo na mamlaka ya mapato. Kile kibali cha daraja la N, cha wanaofanya kazi kwa mtandao, kilichotangazwa kwenu Oktoba 2024 ni cha wageni wanaokuja Kenya, hakivuki mpaka wa Lungalunga pamoja nawe. Na usidhani kwingine ni rahisi: viza ya Indonesia ya wafanyakazi wa mbali, ambayo watu wa Bali huizungumzia sana, inataka uthibitishe mapato ya dola 60,000 kwa mwaka.

Binti yangu ana miaka 24, anasema anakwenda kuishi Paje na kompyuta yake. Sisi ni watu wa Morogoro, hatumjui mtu huko. Nimruhusu? (Mama Morogoro)

Shikamoo mama. Kumruhusu ni lako na baba yake, mimi nitakueleza ya huku. Kijiji ni cha Waislamu na ni cha heshima, hata kama ufukweni utaona watu wamevaa vipande viwili. Binti akitoka mchangani kuingia kijijini ajifunge kanga, mabega na magoti yasitirike. Mwezi wa Ramadhani asile wala asinywe barabarani mchana. Ramadhani ya 2026 imeangukia Februari na Machi, katikati ya kaskazi, msimu uliojaa wageni, na kero za namna hiyo ndizo zinazowachosha wenyeji.

Usiku asitembee ufukweni peke yake. Apange chumba kwenye nyumba yenye familia, ambako kuna mama atakayeuliza mbona leo hujala. Akifika, akupigie akiwa na huyo mama, mwamkiane. Mkishajuana, utamsumbua huyo mama kuliko binti.

Mimi ni wa Kilifi, nataka mawimbi ya kupanda ubao, si upepo. Paje yapo?

Kwa ndani hakuna. Mwamba unayavunja mbali na ufukwe, ndani yanabaki maji mapana yaliyotulia. Mawimbi yako nje ya mwamba, kwa mashua na mtu anayejua mlango wa kupitia. Usiende peke yako.

Nina nyumba ya vyumba vitatu hapahapa Paje. Nasikia hawa watu wa laptopu wanalipa vizuri. Niwekeze nini: bwawa, kiyoyozi au televisheni kubwa? (Mwenyeji)

Meza. Kaka, nimepanga nyumba nne na sijakuta meza inayofika kiwiko. Mtu anayekaa saa nane kwa siku kwenye kitanda cha kamba atahama kabla ya miezi miwili kwisha, hata ukimchimbia bwawa. Weka meza ya mbao, soketi karibu nayo, tangi la maji juu, betri ya akiba na neti isiyo na tundu. Kiyoyozi kitakula Tukuza yako, feni ya dari inatosha. Televisheni hawatazami.

Kama chumba kimoja anakaa mwalimu wa skuli, usimtoe ili uingize dola. Kaskazi ikiisha hao wa dola wanaondoka, mwalimu atakuwepo masika yote. Nenda kwa seremala akuchongee na kiti chenye mgongo, cha plastiki kipeleke barazani.