Maswali yenu: databesi ya nyumba janja yenye yuza wengi

Leo ni zamu ya nyie mnaojenga saiti za kuendesha taa, pampu, mageti na sensa za nyumbani kwa simu. Maswali yamekuwa mengi na mengine yanafanana so nimeyaunganisha, nayajibu fupi fupi ila penye uzito ntakaa kidogo.

Mwanza: Kaka nina wateja 40, kila mteja nimtengenezee jedwali lake la vifaa au wote wakae pamoja?

Wote pamoja. Ukishaanza majedwali ya kila mteja, siku unataka kuongeza safu moja tu inabidi uiongeze mara 40, ukiruka moja saiti inakufa kwa mtu mmoja afu unashinda siku nzima huelewi kwa nini wengine 39 wako poa. Jedwali moja la vifaa, kila mstari una nyumba_id, yani namba ya nyumba.

Na nimesema nyumba_id, sio yuza_id (namba ya mtumiaji), hapo ndo wengi wanateleza. Taa sio ya mtu, taa ni ya nyumba, watu wanahamia na kuhama. Vifaa, vipimo, ratiba, amri, vyote vining'inie kwenye nyumba, halafu mtu unamuunganisha na nyumba kwa jedwali la pembeni. Kwenye jedwali la amri weka foreni kii (kiungo cha kwenda jedwali jingine) ya safu mbili kwa pamoja, nyumba_id na kifaa_id, zielekee kwenye vifaa (kule kwenye vifaa hizo mbili ziwe na uniki yake, yani zisijirudie), ili databesi yenyewe ikatae amri ya nyumba namba 3 inayogusa geti la nyumba namba 8 hata kama kodi yako (programu uliyoandika) imesinzia.

Tabata, Dar: Nina nyumba ya kupangisha. Mimi, mpangaji na mlinzi wote tunatumia, wapangaji wanabadilika. Nafanyaje?

Hili ndo swali tamu la wiki hii. Jedwali la uanachama: yuza_id, nyumba_id, cheo, kuanzia, mpaka. Mlinzi anapata geti na taa za nje basi, hana shida ya kujua friji ina nyuzi ngapi, kwa hiyo vifaa vyako vigawe kwenye makundi na cheo kiruhusu kundi, usianze kumruhusu mtu kifaa kimoja kimoja utachoka.

Mpangaji akihama usifute mstari wake, jaza tu tarehe kwenye mpaka. Ukifuta, umepoteza kumbukumbu ya nani alifungua geti mwezi wa tatu, na siku kukiwa na kesi ya wizi hiyo utaitafuta sana. Mpangaji mpya naye asome vipimo vya kuanzia siku aliyoingia tu, yani kwenye kwewi (ombi la kusoma data) unalinganisha wakati wa kipimo na kuanzia yake. Watu wengi hawaweki hiki kitu, matokeo yake mgeni anaingia na kuona mwenzake alikuwa analala saa ngapi.

Na wewe mwenye nyumba, samahani mkuu, sioni sababu ya kuona taa ya chumbani kwa mpangaji wako. Pampu, tenki na umeme wa nje sawa. Vya ndani akaunti yako mwenyewe isivione kwa muda wote mtu yupo pale.

Nakuru: Nimeweka WHERE nyumba_id (sharti la kuchuja mistari ya nyumba husika) kwa kila kwewi. Si hiyo inatosha?

Inatosha mpaka ile kwewi moja uliyoandika usiku ukiwa na usingizi. Mtu anafungua anwani ya saiti yenye /kifaa/57, anabadilisha iwe 58, anawasha jiko la jirani. Kama unatumia PostgreSQL (programu ya databesi), tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016 ina RLS, ulinzi wa mstari kwa mstari: unaandika sera mara moja na databesi inaficha mistari isiyokuhusu hata ukisahau WHERE. Ila kuna mitego miwili. Wa kwanza, mwenye jedwali haguswi na sera, na wengi saiti yao inaingia kwa akaunti hiyohiyo iliyotengeneza majedwali, so wanawasha RLS wanajisifu na haifanyi kazi kabisa. Tengeneza akaunti nyingine ya saiti isiyo na umiliki, au tumia FORCE ROW LEVEL SECURITY, na isiwe supayuza (akaunti yenye mamlaka yote) maana huyo hata FORCE haimpati. Wa pili, kama koneksheni za databesi zinashirikiwa na yuza wengi, namba ya nyumba iweke kwa SET LOCAL ndani ya transaksheni (fungu la amri za databesi zinazokwenda pamoja), inafutika fungu likiisha, la sivyo yuza anayefuata anarithi nyumba ya aliyetangulia.

Arusha: Jedwali la vipimo limekuwa kubwa, grafu inachukua dakika kufunguka.

Tupige hesabu. Sensa moja inatuma kila sekunde 10, hiyo ni mistari 8,640 kwa siku. Sensa 12 kwa nyumba, nyumba 200, unapata 20,736,000 kwa siku. Na kama id yako (namba ya mstari) ni intega ya kawaida, yani namba nzima, inaishia 2,147,483,647, yani ndani ya miezi minne hujabaki na namba. Tumia bigint (namba nzima kubwa zaidi), au achana na id kabisa, praimari kii (kitambulisho cha mstari) iwe kifaa_id na wakati, ambayo ndo indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) grafu yako inaihitaji.

Halafu jiulize nani atasoma kwamba joto la sebuleni lilikuwa 27.1 sekunde 10 zilizopita na sasa ni 27.1. Andika likibadilika kwa nusu nyuzi, plasi kipimo kimoja kila dakika 15 kuonyesha sensa iko hai. Siku iliyotulia unashuka toka 8,640 mpaka 96. Vya zamani viweke wastani wa saa, na jedwali ligawe kwa mwezi (PostgreSQL 10 kwenda juu ina uwezo huo ndani yake), mwezi ukipita muda wake unadropu kipande kizima fasta badala ya DELETE ya mamilioni inayoacha uchafu nyuma.

Morogoro: SQLite (databesi ya faili moja) inafaa?

Kwa nyumba moja ndio, Home Assistant (programu ya nyumba janja) yenyewe inakuja nayo na inaweka historia ya siku 10 tu usipobadilisha. Kwa saiti ya nyumba nyingi hapana, mwandishi ni mmoja tu kwa wakati, wengine wanasubiri foleni.

Zanzibar: Umeme au neti ikikatika, ikirudi vitu vinajiwasha hovyo.

Tenganisha hali inayotakiwa na hali halisi, safu mbili tofauti. Simu inaandika inayotakiwa, kifaa kinaandika halisi, kikiamka kinauliza kinatakiwa kuwaje. Amri iwe "washa" au "zima", isiwe "geuza", maana baba na mama wakibonyeza geuza kwa pamoja taa inarudi ilikokuwa na kila mmoja anadhani apu ni mbovu. Na kila amri iwe na muda wa kufa. Umeagiza pampu iwake, neti imekatika, mtu nyumbani kaijaza tenki kwa mkono, saa tatu baadaye neti inarudi na pampu inatii amri yako ya kale, maji yanamwagika mpaka kwa jirani.

Muscat: Nyumba iko Tanga, niliweka taa za nje saa 12 na nusu jioni, zinawaka saa 11 na nusu.

Saiti imesoma saa ya simu yako, Oman iko mbele saa moja. Majira, yani saa za eneo, ni ya nyumba sio ya mtu: weka Africa/Dar_es_Salaam kwenye jedwali la nyumba, vipimo vyote UTC (saa ya pamoja ya dunia), ratiba iwe saa ya pale nyumbani. Usihifadhi "+3" tupu, ukipata mteja wa London wakirudisha saa nyuma ratiba zake zote zitapinda.

Mombasa: Yuza akifuta akaunti, nifute kila kitu chake?

Jina, simu, imeli futa, sheria za data za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 zinampa mtu haki ya kuomba hivyo. Nyumba usiifute, ON DELETE CASCADE (ukifuta kimoja, vinavyokitegemea vinafutika pia) toka yuza kwenda nyumba ni balaa, mume anafuta akaunti na mke anabaki nje geti halifunguki. Kwanza hakikisha nyumba ina mwenye cheo cha juu mwingine, akikosekana mzuie na umwambie amteue mtu kwanza. Kwenye kumbukumbu za geti weka "aliyeondoka" badala ya jina.