Walichokifuta Kilikuwa Kimeshafutwa

Swali la wiki: Kongresi ya Marekani imebatilisha mpango uliobana uchimbaji wa mafuta katika hifadhi ya wanyamapori ya Aktiki, Alaska. Wabunge wakifuta kanuni ya namna hii, je, wananchi wamesemewa au wameporwa?

Mhariri, wengi watalijibu swali hili kwa kuangalia kama wanapenda mafuta au wanapenda wanyama. Mimi nakaa Tanga, ambako bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, linakuja kuishia baada ya kilomita 1,443, na kijiweni kwetu habari za ajira za Chongoleani hazikauki. Siwezi kujifanya kwamba mafuta ni najisi. Kinachonikera katika habari ya Alaska ni namna kura yenyewe ilivyopigwa, na kilichobaki baada ya kura.

Wabunge tuwape haki yao kwanza. Hifadhi ile ilitengwa na Rais Eisenhower mwaka 1960, ikapanuliwa wakati wa Carter mwaka 1980 hadi takriban ekari milioni 19. Ugomvi wote uko kwenye ukanda wake wa pwani, ekari milioni 1.56 zinazotazama Bahari ya Aktiki. Sheria ya 1980 iliuacha ukanda huo kiporo: hakuna kuchimba mpaka Kongresi iseme. Kwa hiyo anayedai kwamba wabunge wamejiingiza katika jambo lisilowahusu hajaisoma sheria hiyo. Mwaka 2017 Kongresi ilisema, tena kwa maandishi: ndani ya sheria ya kodi iliweka kifungu cha kuamuru minada miwili ya vitalu, kila mmoja usipungue ekari 400,000. Mimi kifungu kile sikukipenda, lakini kilikuwa sheria yenye maneno, na mtu alijua nani wa kumlaumu.

Na wenyeji nao hawana sauti moja. Kaktovik, kijiji pekee kilichomo katika ukanda huo, ni cha Wainupiat, na viongozi wao wengi wanataka visima, kwa sababu kodi ya mafuta ndiyo iliyojenga shule, zahanati na mabomba ya maji ya kaskazini yote tangu enzi za visima vya Prudhoe Bay, eneo la mafuta lililo magharibi mwa hifadhi. Wagwich'in, walioko kusini mwa milima na ng'ambo ya mpaka wa Kanada, hawataki kabisa, maana karibuu, wanyama wa jamii ya kulungu wanaowategemea kwa chakula, kundi la zaidi ya laki moja, huenda kuzaa palepale pwani. Isitoshe, kila mkazi wa Alaska aliyetimiza masharti, wakimbizi wa Kikongo walioko Anchorage wakiwemo, hupata mgawo wa fedha kila mwaka kutoka mfuko ulioanzishwa kwa pato la mafuta. Ukitoka mbali ukaja kuwahubiria watu hawa bila kujua hilo, watakucheka.

Sasa tazama minada yenyewe. Wa kwanza, Januari 2021, uliingiza dola milioni 14.4 tu, wakati wapiga hesabu wa Kongresi waliahidi takriban dola bilioni moja ndani ya miaka kumi, na mnunuzi mkubwa alikuwa shirika la serikali ya jimbo lenyewe. Makampuni makubwa hayakutokea. Wa pili ulikuja Januari 2025, chini ya mpango wa serikali ya Biden uliotoa ekari 400,000 zilezile za kima cha chini na kuweka masharti mazito. Hakuna aliyeleta zabuni. Hata moja. Wanaotetea uchimbaji walisema masharti ndiyo yaliyowafukuza wanunuzi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila haielezi kwa nini mnada wa 2021, uliofanywa na serikali ya Trump kwa masharti laini, nao ulidorora.

Mpango huo wa Biden ndio uliobatilishwa. Chombo kilichotumika ni sheria ya 1996 inayoiruhusu Kongresi kuipitia kanuni mpya ya serikali na kuifuta kwa azimio. Katika Seneti mjadala wake una ukomo wa saa kumi, na wachache hawawezi kuuzuia kwa kuuvuta kama wafanyavyo kwa miswada mingine. Kura nyingi za kawaida zinatosha. Azimio lenyewe ni sentensi moja: kanuni fulani imekataliwa, haina nguvu. Halafu kuna mkia. Kanuni ikishafutwa hivyo, serikali hairuhusiwi tena kutoa nyingine inayofanana nayo kwa kiasi kikubwa, mpaka itungwe sheria mpya. "Kwa kiasi kikubwa" ni kiasi gani? Sheria haikufafanua.

Hapo ndipo tarehe zinapoanza kusema. Julai 2025 Kongresi hiyohiyo ilikwisha kupitisha sheria ya kuamuru minada mingine minne katika ukanda huo ndani ya miaka kumi. Oktoba wizara inayosimamia ardhi ya umma ikauweka kando mpango wa Biden na kuufungua ukanda wote kwa mnada. Azimio la kuufuta mpango huohuo likamaliza safari yake Desemba, Rais Trump akalitia saini. Sasa niambie, Desemba ilikuwa ya kufuta nini? Vitalu vilikuwa wazi, minada imeshaamriwa, mpango wa zamani haufanyi kazi. Kilichobaki ni ule mkia tu. Ni mpangaji anayebadilisha kitasa siku anayohama na kuondoka na funguo zote.

Kwa hiyo jibu langu ni kuporwa, na aliyeporwa ni mpiga kura wa miaka ijayo. Akichagua serikali inayotaka masharti makali zaidi kwa wachimbaji, itaambiwa inafanana mno na ile iliyofutwa.

Hoja hii si ya wanamazingira peke yao. Mei 2017 maseneta walitaka kutumia sheria hiyohiyo ya 1996 kufuta kanuni iliyopunguza upotevu wa gesi kwenye visima vya ardhi ya umma. Makamu wa Rais Pence alikuwepo ukumbini kuvunja sare. John McCain, Mrepublican wa Arizona, akapiga kura ya hapana, azimio likaanguka 49 kwa 51. McCain hakuisifu kanuni ile, alitaka irekebishwe. Hofu yake ilikuwa kwamba azimio lingeizuia serikali yoyote ya baadaye kutoa kanuni ya aina hiyo. Na kweli, kanuni ikalegezwa mwaka 2018 kwa njia ya kawaida, ikazunguka mahakamani, na mwaka 2024 ikatoka nyingine mpya. Mvutano ule ulichosha watu, lakini kila upande ulipata zamu yake.

Huku kwetu, Bunge la Tanzania lilitunga sheria maalumu ya bomba la Hoima mwaka 2021. Inaweza kukuudhi kwa jinsi inavyowabembeleza wawekezaji, lakini ina vifungu. Unakisoma, unamshika mbunge wako kwa kifungu alichokipitisha. Azimio la sentensi moja utamshika nalo wapi? Hakusema ekari ngapi zichimbwe, wala karibuu wapishwe wapi, wala Kaktovik ipate nini. Kama wanavitaka visima, na waandike.

Lipo na jingine ambalo nadhani washangiliaji hawajalipigia hesabu. Mwaka 2025 ndio kwanza Kongresi ilianza kuifuta mipango ya matumizi ya ardhi ya umma kwa sheria hii, baada ya ofisi yake ya ukaguzi kusema kwamba mipango hiyo ni kanuni kama kanuni nyingine. Ajabu ni kwamba sheria ya 1996 inataka kila kanuni ipelekwe Kongresi kabla ya kuanza kutumika, na mipango hiyo kwa miaka yote haikuwa ikipelekwa. Ipo mingi katika majimbo ya magharibi, na juu yake vimetolewa vibali vya mafuta, gesi, makaa na malisho. Kama ni kanuni, basi inaweza kudaiwa kwamba haijawahi kuanza kufanya kazi kisheria. Hoja hiyo haichagui wa kuitumia, na mwanasheria wa kwanza kuibeba mahakamani anaweza kuwa wa wanamazingira, akiuliza kibali cha kampuni fulani cha mwaka 2010 kilisimama juu ya nini.