Maryland: usichague kaunti kwa jina, kaione shule yenyewe

Mleta mada, umeuliza ukihamia jimbo hili la Maryland, Marekani, na watoto wawili uende kaunti ya Montgomery, ya Howard, au ukae karibu na ndugu zako jijini Baltimore, ambako umesoma kuwa fedha kwa kila mwanafunzi ni nyingi ila matokeo mabovu. Nimelea watatu hapa miaka 13, katika kaunti mbili, hivyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Maryland ina mifumo 24 tu ya shule za umma: kaunti 23 na jiji la Baltimore, ambalo si sehemu ya Kaunti ya Baltimore, wengi wanachanganya hapo. Bodi ya shule haina mamlaka ya kutoza kodi. Inapeleka bajeti kwa kaunti, kaunti inatoa kutoka kodi za majengo na mapato, kisha jimbo linaongeza, na kaunti yenye uwezo mdogo inaongezewa zaidi. Ndiyo maana Somerset inaegemea sana jimbo, wakati jirani yake Worcester ina nyumba za ufukweni za Ocean City: wenye nyumba wanalipa kodi, watoto wao wanasoma kwingine.

Fedha za jiji la Baltimore zitazame hivyohivyo. Mtoto wa familia maskini, anayejifunza Kiingereza au mwenye ulemavu huongezewa fungu kwenye mgao. Fedha ni nyingi kwa kuwa mzigo ni mzito na majengo mengi yamechakaa. Ukiweka namba hiyo kando ya Howard bila kusema hayo, unawaonea walimu wa Baltimore.

Mwaka wetu wa kwanza binti yangu alileta fomu ya chakula cha bure. Nikaitupia kwenye droo. Nilikuwa nafanya zamu mbili nyumba ya wazee, niombe chakula cha mtoto kwa lipi? Mwezi Oktoba mama mmoja wa ofisi ya shule aliniita, akanikalisha, akapitisha kalamu kwenye mstari wa kipato, akaniambia mtoto wangu asipohesabiwa pale, shule inapungukiwa fedha za kuwasaidia wanaohangaika kusoma. Nikaijaza palepale mezani kwake. Dada, fomu zile jaza.

Tulipohamia kaunti yenye sifa, kodi ya pango ilipanda sana na shule ilikuwa na nyota tano, alama ya juu kabisa katika tathmini ya jimbo. Lakini mwanangu wa mwisho, ambaye Kiingereza kilikuwa bado kinamsumbua, alikuta mwalimu mmoja tu wa watoto wanaojifunza Kiingereza, anayekuja siku mbili kwa wiki. Shule tuliyotoka, ya nyota tatu, walimu hao walikuwapo watatu kila siku. Mwaka ule alinyamaza darasani mpaka nikaogopa.

Mambo yanabadilika pia. Sheria ya Blueprint, ya jimbo ya kuboresha shule, ambayo gavana wa wakati huo, Larry Hogan, aliikataa mwaka 2020 na bunge la jimbo likaipitisha bila idhini yake 2021, inazipa fungu la ziada shule zenye watoto wengi maskini na kupandisha mshahara wa kuanzia wa mwalimu hadi dola 60,000.

Kabla hujasaini mkataba wa nyumba, ingiza anwani kwenye tovuti ya shule za kaunti ujue mtoto atapangiwa shule ipi. Barabara moja inaweza kugawa shule mbili. Kisha nenda mwenyewe, uliza walimu wangapi wameondoka mwaka jana na wa lugha wako wangapi. Ukipata majina ya shule mbili tatu, yaweke hapa tuyaangalie pamoja.