Je, Habari Haizuiliki Tena?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi huuza magazeti karibu na kituo cha mabasi hapa Arua. Wateja husimama, husoma vichwa vya habari bila kununua, kisha huinamia simu zao wakidai kwamba huko ndiko kwenye habari zisizochujwa. Je, ni kweli serikali haiwezi tena kuzuia habari?
Muuza magazeti, Arua

JIBU: Ndugu yangu, wateja wako wamesema nusu ya kweli. Mwezi Mei 2013, polisi walipoizingira ofisi ya Daily Monitor jijini Kampala, gazeti hilo halikuchapishwa kwa siku kumi hivi. Leo habari iliyozuiwa kiwandani inaweza kufika Arua kwa simu kabla ya basi lako la alfajiri. Hata hivyo, simu nayo ina mlango, na kampuni zinazoushika hufanya kazi kwa leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, nayo ikiagiza, kampuni hizo huzima. Ndivyo ilivyokuwa usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, intaneti ilipokatwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikabaki imefungwa hata baada ya huduma kurejea. Wengi huingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao, lakini mwandishi anayetegemea njia ya uchochoroni huwapoteza wasomaji wasioijua.

Kisha kuna gharama, ambayo naiona ni kizuizi cha kimyakimya zaidi: kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii, iliyoanza 2018, iliondolewa 2021, ikafuatwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya bando. Magazeti yako, angalau, husomwa bure pale kituoni.